Mtoto na kinanda: maswali yenu ya wiki hii

Mwanangu ana miaka mitatu, anapenda sana muziki. Aanze piano? (Mama, Buswelu)

Hapana. Swali hili haliishi kuja. Mwache aimbe na apige makofi kwa mdundo. Akifika miaka 6 au 7, anajua herufi na anaweza kutulia robo saa, mpeleke kwa mwalimu.

Nimeona kinanda cha bei nafuu chenye taa zinazomwonyesha mtoto pa kubonyeza. Ninunue? (Baba, Igoma)

Nenda na rula. Pima vitufe saba vyeupe kwa pamoja: vya kawaida vina upana wa karibu sentimita 16.5. Vikipungua sana, hicho ni cha kuchezea; mkono utazoea umbali ambao hautaukuta kwenye piano yoyote. Halafu hesabu: 61 ndiyo chini kabisa, piano kamili ina 88. Bonyeza kitufe kimoja taratibu, kisha kwa nguvu. Sauti isipobadilika, rudisha hela mfukoni.

Kikiwa cha mtumba, jaribu kila kitufe, vyeusi pia. Kimoja au viwili bubu mara nyingi ni vumbi kwenye mipira ya chini, fundi atasafisha kwa spiriti. Vikiwa bubu kwa mpangilio, mathalani kila cha nane, tatizo liko kwenye saketi, kiache.

Na adapta, jamani! Soma volti zilizoandikwa nyuma. Yamaha nyingi ndogo zinataka 12, Casio nyingi 9 au 9.5, na ncha ya katikati huwa chanya kwa baadhi, hasi kwa nyingine. Adapta ya redio "iliyoingia vizuri" inaweza kukiunguza siku hiyo hiyo. Umeme ukikatika, chomoa, usisubiri urudi.

Taa zenyewe zizime. Mtoto anayefuata taa hasomi nota.

Kijana wetu anapiga nyimbo zote za misa, lakini mwalimu mpya anasema hajui kinanda. Ni wivu? (Kiongozi wa kwaya, Pasiansi)

Si wivu. Bila shaka anapiga kila wimbo kwenye ufunguo wa C, yaani do yake ni C, kisha anabonyeza kitufe cha transpozi kupandisha au kushusha sauti. Mketishe kwenye piano ya mbao isiyo na kitufe hicho, wimbo uwe wa G, muone. Dawa ipo: transpozi isiguswe, na kila mwezi ufunguo mmoja. Aanze G, yenye F kali (iliyopandishwa nusu sauti) moja tu, kisha F yenye B bapa (iliyoshushwa nusu sauti), kisha D. Skeli, yaani nota za ufunguo zikipanda na kushuka kwa mpangilio, apige kwa mikono yote miwili, mkono mmoja mmoja kwanza.

Solfa (do, re, mi) siidharau, kwaya zetu zimesimama juu yake. Ila do inahama kila ufunguo unapobadilika, na kidole kinahitaji kujua kitufe chenyewe. Mpiga kinanda asome na nota za mistari mitano. Lawama nyingine ni zenu viongozi: mtoto akijua kodi (nota kadhaa zinazopigwa pamoja) tatu mnamkabidhi misa ya Jumapili, na masomo yanaishia hapo.

Afanye mazoezi saa ngapi kwa siku? (Nansio)

Dakika 15 kila siku. Saa mbili za Jumamosi hazifidii siku sita tupu. Kiwiko kiwe sawa na vitufe. Miguu ikining'inia, weka kreti la soda chini yake.

Tumepewa piano ya zamani bure, tunakaa kando ya ziwa. Tuiweke wapi? (Nyegezi)

Ukuta wa ndani, mbali na dirisha na jua, na kagua mchwa kila mara. Ila kabla ya kukodi gari, mwite fundi apime vigingi vya nyuzi. Vikilegea, piano haitashika sauti hata ikitunwa, yaani nyuzi zikirekebishwa sauti, leo. Nyuzi zake ni za chuma, zaidi ya 200, na unyevu wa ziwa huzishika kutu. Ubao wa ndani unaokuza sauti nao huvimba masika na kupandisha sauti, kiangazi hunywea na kuishusha, kwa hiyo itunwe mara mbili kwa mwaka. Hiyo "bure" ina bei yake.

Binti yangu wa miaka 6 anataka tarumbeta badala ya kinanda. (Kirumba)

Meno ya mbele ya utu uzima yaote kwanza, miaka 8 au 9 hivi. Kwa sasa kinanda, na tarumbeta msimnyime akifika.