Nilisubiri miaka mitano kizuri kijiuze

Juzi usiku msomaji mmoja ameniandikia. Baada ya shikamoo akasema: "Dada, nina miaka minne hapa kazini. Sijawahi kuchelewa, sijawahi kupewa onyo, na mshahara ni uleule niliousaini siku ya kwanza. Wanaojipendekeza kwa bosi ndio wanaopanda. Nifanye nini, au niache tu kazi?"

Nimeusoma ujumbe huo mara tatu, maana ningeweza kuuandika mimi, neno kwa neno.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nimelelewa na msemo huo, nikaingia nao ofisini nikiwa karani wa hesabu. Niliamini kwamba nikifanya kazi yangu vizuri, kimya kimya, siku moja mlango wa meneja utafunguka na nitaitwa. Niliamini hivyo miaka mitano. Mhasibu mkuu alipokwenda likizo ya uzazi nilibeba meza yake na yangu, na aliporudi akawa na majukumu mengine, kwa hiyo nikaendelea kubeba. Jumla miezi saba, bila barua ya ukaimu wala posho ya ukaimu. Sikudai. Nilijiambia wanaona.

Kisha wakaajiri kijana mmoja, cheo kilekile changu, nikapewa nimfundishe kazi. Simlaumu, alikuwa mtu mwema na mwepesi kuelewa. Ila mimi ndiye niliyekuwa naandaa orodha ya mishahara. Mwisho wa mwezi nikaletewa fomu yake, nikaketi kwenye kompyuta, nikaingiza jina, nikaingiza akaunti ya benki, nikaingiza mshahara wa msingi. Ulikuwa zaidi ya wangu kwa theluthi nzima. Nilirudi kuitazama fomu nikidhani nimekosea tarakimu. Sikuwa nimekosea. Mstari wangu ulikuwa juu yake palepale kwenye orodha, na nikabonyeza kuhifadhi.

Ilinichukua muda mrefu kulisema hili bila koo kukaza. Wakati ule sikujua hata kwamba ujira sawa kwa wanaume na wanawake wanaofanya kazi yenye thamani sawa ni jambo lililoandikwa katika mkataba namba 100 wa Shirika la Kazi Duniani tangu mwaka 1951. Kama ndivyo ilivyo kwako, uliza sheria ya kazi ya nchi yako inasemaje kabla hujalia peke yako chooni kama nilivyolia mimi.

Nikafanya kosa ambalo wengi wetu hulifanya. Nilimvizia meneja kwenye korido nikiwa na hasira. Nikamwambia maisha yamepanda, kodi imepanda, ada za watoto zimepanda, na nimekaa hapa miaka mitano. Akanisikiliza kwa heshima, kisha akasema, "Kila mtu ana matatizo yake. Sasa niambie, wewe unafanya nini zaidi?" Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Miaka mitano ya kazi, na sikuweza kutaja jambo moja lenye tarehe. Baadaye nikagundua pia kwamba bajeti ya mwaka ilikuwa imepitishwa wiki mbili kabla. Hata angetaka kunisaidia, fungu la mishahara lilikuwa limeshagawanywa.

Swali lile lilinichoma, lakini ndilo lililonijenga. Ijumaa ile nikanunua daftari la jalada gumu. Kila Ijumaa kabla ya kufunga ofisi nikaandika mistari mitatu: nimefanya nini, kimeokoa au kuleta nini, nani anaweza kuthibitisha. Ndugu zangu, andikeni. Kumbukumbu ya kichwani haiwezi kuingia nawe kwenye chumba cha mazungumzo, inabaki mlangoni.

Daftari lenyewe lilinifundisha kuona kazi yangu. Kwa mfano, kuna msambazaji mmoja ambaye ankara zake zilikuwa zinaingizwa kwa namna mbili: mmoja wetu aliandika namba pamoja na mkwaju (alama hii: /), mwingine bila mkwaju. Kwa macho yetu ni ankara moja, kwa mfumo ni mbili. Nikachapisha orodha ya malipo ya mwaka mzima, nikaipanga kwa kiasi badala ya namba, na mapacha yakajitokeza: kiasi kilekile, tarehe zinazokaribiana. Ankara kadhaa zilikuwa zimelipwa mara mbili, na msambazaji akarudisha fedha bila ubishi. Zamani ningelipita jambo hilo kama kazi ya kawaida ya Jumanne. Safari hii nililiandika, pamoja na kiasi kilichorudi. Tukapunguza pia siku za kufunga hesabu za mwezi, kutoka 12 hadi 5, na hilo nikaliandika.

Mwaka uliofuata sina cha kusimulia. Kazi, daftari, kazi.

Miezi mitatu kabla ya bajeti nikaomba kikao rasmi. Sikwenda na daftari zima, nilikwenda na ukurasa mmoja wenye mambo matano. Habari za kodi na ada sikuzitaja. Mshahara wa yule kijana sikuutaja pia, ingawa ulinikaa kooni, kwa sababu siri ile niliipata kwa dhamana ya kazi yangu. Badala yake nilikuwa nimepitia matangazo ya kazi kama yangu yanayotaja mshahara, nikapata picha ya kiwango. Nikasema, "Naomba nyongeza ya asilimia 25 kwenye mshahara wa msingi." Kisha nikanyamaza. Kunyamaza baada ya kutaja kiwango ni kugumu kuliko kukitaja.

Meneja akasoma, akaugeuza ukurasa kuona kama kuna kitu nyuma. Hakukuwa na kitu. Akaurudia upande wa mbele, akaweka kidole kwenye mstari wa pili. "Hizi ankara zilizolipwa mara mbili, ni wewe uliyeziona? Mimi nilidhani ni wakaguzi."

Mwaka mzima alidhani ni wakaguzi! Hakuwa amenidharau, hakujua tu. Hapo ndipo ule msemo wa kizuri chajiuza uliponitoka. Mtu anayeamua mshahara wako anasimamia watu wengi, na kazi yako ikienda vizuri yeye haisikii kabisa. Usipomwambia wewe atasikia toleo la mtu mwingine, au asisikie kitu.

Alianza kwa kunipa posho. Nikashukuru, nikaomba fedha hiyo iingie kwenye mshahara wa msingi hata ikipungua kidogo. Posho inaweza kuondolewa kwa barua ya mistari miwili, na sehemu nyingi michango ya pensheni na nyongeza za asilimia hukokotolewa kwenye msingi. Tukafika asilimia 12 kwa kuanzia, na tathmini baada ya miezi 6 kwa maandishi. Hayo maandishi niliyaandaa mwenyewe jioni ileile na kumtumia kwa barua pepe, kwa sababu "tutaangalia" isiyo na tarehe ni hapana ya kistaarabu.

Wiki iliyopita miezi 6 ilitimia, na barua ya pili iko hapa mezani ninapoandika: asilimia 10 nyingine. Kwa kuwa imekokotolewa juu ya mshahara uliokwishapanda, jumla ni asilimia 23 na ushei. Nimefurahi, na sioni haya kusema nimestahili.

Sasa turudi kwako, mdogo wangu. Usitishie kuondoka kama huna kazi nyingine mkononi, maana bosi anaweza kukuambia nenda. Kama kampuni inapunguza watu, ngoja. Kama umeomba vizuri mara mbili, kwa maandishi, na hupewi sababu wala tarehe, hapo tafuta kwingine bila kinyongo. Na usidanganyike na nyongeza ndogo ya kila mwaka: ukipewa asilimia 4 wakati bei zimepanda kwa 6, mshahara wako umeshuka, ingawa tarakimu imekua. Kuhusu wanaojipendekeza, waache. Mimi nilipoteza miaka nikiwahesabu wao badala ya kuhesabu kazi yangu. Andika kazi yako. Kama hujaanza, anza Ijumaa hii.

Umenieleza mengi, lakini hukuniambia bajeti ya kwenu hupangwa mwezi gani. Kamuulize mtu wa fedha kesho, kisha niandikie tena.