Mwanangu, hiyo skrini ya manowari usiifanye kama simu

Mwanangu, ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unauliza mbona wale wazee wanaikataa dizaini yako ya chumba cha uongozi cha meli ya kivita, wakati umeichora safi, kila kitu ni kugusa, menyu zimejificha vizuri, kwamba ni ushamba tu au kuna la maana. Ushamba upo kidogo, sikatai lol. Ila wana hoja.

Mi nimekaa mbele ya rada miaka, we fikiria saa tisa usiku, meli inayumba, mkono mmoja umeng'ang'ania meza usidondoke, kidole kinaenda kwenye kitufe chako kinatua kwa cha jirani. Wenzo wa chuma unaushika tu bila kuutazama, ukiusukuma unausikia mkononi umefika wapi. Kioo ni kioo, popote unapogusa ni vilevile.

Ile meli ya kivita ya Marekani, USS John S. McCain, unaikumbuka? Tarehe 21 Agosti 2017, karibu na Singapore. Nahodha kaona mshika usukani kazidiwa, kaamuru mambo ya mwendo yahamie kwa mwenzake wa pembeni, wakahamisha kwenye skrini, kumbe na usukani nao umehama! Jamaa anapiga kelele usukani umekufa, na usukani mzima, uko meza ya pili. Kupunguza mwendo nako ikapungua injini za upande mmoja tu, kwa sababu pande mbili hazikuwa zimeunganishwa pale kwenye skrini, meli ikakata kushoto mbele ya meli ya mafuta, zikagongana. Mabaharia 10 wakafa. 2019 jeshi lao la majini likasema linarudisha wenzo wa mkono wa mwendo badala ya skrini za kugusa. Sasa kwenye mchoro wako nimetafuta pa kuonyesha NANI ameshika usukani sasa hivi, nimepakuta ndani ya menyu ya tatu. Hapo mwanangu hapana.

Na usidhani tatizo ni kugusa peke yake. 1988 USS Vincennes, nayo ya kivita ya Marekani, ilitungua ndege ya abiria ya Iran, watu 290, na hakukuwa na kugusa kokote. Skrini kubwa zilionyesha ndege ilipo, kimo chake ni tarakimu kwenye kiskrini kidogo pembeni, na hakuna mahali pameandikwa inapanda au inashuka, mtu alinganishe mwenyewe kichwani huku wenzake wanapiga kelele. Wakasema inashuka. Ilikuwa inapanda. Kimshale kimoja tu pembeni ya ile namba kingetosha, basi.

Rangi ziko sawa ila usizitegemee peke yake, kuna watu hawatofautishi nyekundu na kijani. Ndo maana adui ana umbo la uru kama kwenye karata, rafiki baharini ana duara. Hayo maumbo usiyaguse hata kama unaona mabaya.

Alamu nazo punguza. Sisi tulikuwa na moja ililia kwa kila wimbi, mwenzangu akaiziba spika kwa plasta, na mkubwa wa zamu akajifanya hajaona.

Ukija njoo na hiyo kompyuta, tutazima taa, nivae glavu zilizolowa, we unipigie kelele sikioni, tuone nitapata usukani baada ya sekunde ngapi.

Baba yako