Re: Mama anabanwa kifua akipanda ngazi, ni gesi?

Dada, umesema mamako ana sukari, anabanwa kifua akipanda ngazi za hapo kwenu Mji wa Kale, akiketi kinaachia. Gesi haina habari na ngazi. Maumivu yanayokuja na kazi na kuondoka kwa mapumziko hushukiwa ni moyo, hata yakiwa madogo. Mpelekeni leo au kesho apimwe ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na presha, msingoje mwisho wa mwezi.

Yakimjia amekaa tu, au yasipoachia baada ya dakika chache, hiyo ni dharura: kifua kizito kama kimewekewa gunia, maumivu yakipanda bega, mkono au taya, jasho la baridi, pumzi fupi. Na wanawake na wenye sukari (mamako ni yote mawili!) kifua chaweza kisiume kabisa, ukaona kichefuchefu na uchovu wa ghafla tu. Chai ya tangawizi ya kutuliza gesi iwekeni kando.

Dharura hiyo ikitokea, kama hana mzio wa aspirini wala vidonda vya tumbo, atafune aspirini ya miligramu 300, asimeze nzima. Kisha hospitali ya Coast General, Mombasa, moja kwa moja. Ngazi asishuke kwa miguu, abebwe kwenye kiti.