Mishahara imelemea, lakini sitaki kupunguza watu

Nina gesti Area D, Dodoma. Bunge likikaa vyumba vinajaa. Likiahirishwa wafanyakazi wanashinda na simu, na mshahara ni uleule. – Mama wa gesti

Mama, Bunge la bajeti linaanza Aprili na kwenda hadi Juni, kwa hiyo msimu wako unaujua. Likizo ya mwaka ni siku 28 na lazima uilipe, ila sheria inakuruhusu wewe kupanga lini ichukuliwe, mradi isipite miezi sita baada ya mwaka wa likizo kuisha. Wapeleke likizo gesti ikiwa tupu. Mtu akiondoka Mei utamlipa yeye na kibarua wa kumshikia zamu.

Naweza kusimamisha michango ya NSSF kwa muda? – Msomaji, Kongwa

Hapana. Sehemu unayomkata mfanyakazi ni fedha yake, na adhabu ya kuchelewesha itakula ulichookoa.

Tunakamua alizeti Singida. Ovataimu inatumaliza. – Msimamizi wa kiwanda

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, na wenye viwanda wengi hawapigi hesabu. Mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 300,000 kwa saa 45 za wiki, saa yake ni kama 1,540. Saa ya ziada ni mara moja na nusu, karibu 2,310; siku ya mapumziko ya wiki na sikukuu ni mara mbili. Akifikisha kikomo cha saa 50 ndani ya wiki nne, umeongeza zaidi ya 115,000 kwa mtu mmoja.

Kabla ya kugombana na mtu, kaa getini wiki moja uandike Fuso za alizeti zinaingia saa ngapi. Kama mzigo unafika saa tano na watu wako wapo tangu saa moja asubuhi, unalipa masaa ya kusubiri, halafu jioni unalipa ovataimu ya kazi ambayo ingefanyika mchana. Nusu yao waanze saa tano, watoke saa mbili usiku, wakiwa na saa moja ya kula. Msivuke hapo: kuanzia saa mbili usiku kuna nyongeza ya asilimia 5 ya kazi ya usiku. Mashine nazo zifanyiwe matengenezo kabla ya msimu. Mashine ikifa katikati ya zamu, ovataimu haikwepeki.

Nikate mishahara robo kuanzia mwezi huu? Nina karakana ya samani Kizota. – Fundi mkuu

Si kwa tangazo la ukutani, ndugu yangu. Ukibadilisha masharti ya ajira bila kuzungumza nao, utaitwa CMA, tume inayosuluhisha na kuamua migogoro ya kazi. Waite, wafungulie daftari la mauzo, pendekeza siku nne za kazi badala ya sita kwa malipo ya siku nne, na kila anayekubali asaini. Anza na posho yako mwenyewe, maana wanaiona. Andika pia tarehe ya kurudi kwenye mshahara kamili. Pasipo tarehe, fundi wako bora atahamia kwa jirani.