Uliza Tukujibu: MMA iwe ligi kama soka, au promota aendelee kupanga anavyotaka?

SWALI: Shikamoo anko. Mi na washkaji huwa tunaangalia UFC, ile kampuni ya Marekani inayoandaa MMA, yani ngumi, mateke na mieleka za kwenye kizimba, banda umiza moja hapa Igoma, Mwanza, Jumapili alfajiri, mwenye banda anafungua saa kumi na moja hata wauza chai hawajawasha majiko. Sasa juzi tumebishana mpaka raundi ya kwanza ikatupita. Mwenzetu anasema hizi ngumi za kwenye kizimba sio michezo ni biashara tu, hakuna ligi, hakuna msimamo, mtu anakaa na mkanda mwaka mzima hapigani na bosi anampanga amtakaye. Yeye anataka iwe kama Ligi Kuu, kila mtu apewe mechi zake, pointi zihesabiwe, mwisho bingwa ajulikane. Mi nikamwambia ngumi hazipigwi kila wiki we. Nani yuko sahihi? (Kijana wa Igoma)

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwenzako analalamika kwa haki kabisa, ila hicho anachotaka kilishajaribiwa na we ndo umegusa kilipokwamia.

Tuanze na malalamiko yake maana hayo hayana ubishi. Conor McGregor Desemba 2015 alimlaza José Aldo kwa sekunde 13 akachukua mkanda wa uzito wa featherweight (kilo kama 66), hakuutetea hata mara moja, wakamvua mwaka uliofuata. Novemba 2016 akachukua wa lightweight (kilo kama 70), nao hakuutetea, Aprili 2018 ukaondoka mkononi. Mikanda miwili, utetezi sifuri! Na kote huko kulikuwa na watu wameshinda mapambano yao wamekaa kwenye foleni wanahesabu siku. Au mchukulie Tom Aspinall, Mwingereza yule wa uzito wa juu, alipewa mkanda wa muda (ule wa kushikia nafasi bingwa kamili akiwa hapigani) Novemba 2023, akakaa anamsubiri bingwa kamili Jon Jones, katikati akautetea huo huo wa muda, Jones akapigana na Stipe Miocic badala yake, halafu Juni 2025 Jones akatangaza kustaafu ndo Aspinall akaitwa bingwa kamili bila hata kumgusa. Kwenye soka hicho kitu hakipo, Pamba Jiji haiwezi kukaa nyumbani inasubiri Yanga wajisikie kucheza.

Tatizo ni kwamba promota halazimishwi na mtu. Ngumi za kawaida angalau vyombo vya mikanda vina kitu cha mpinzani wa lazima, bingwa ukikwepa muda ukipita wanakuvua (na wao wana vituko vyao hao, msinianzishe). UFC kuna orodha ya wapiganaji, toka 2013 inapigiwa kura na waandishi wa habari, lakini orodha ile haimfungi bosi, wa sita anaweza kupewa pambano la mkanda na wa kwanza akaambiwa subiri kidogo. We ushawahi kwenda Bujora wakati wa Bulabo, ile sikukuu ya ngoma za Wasukuma? Kundi la Bagika wanacheza huku, kundi la Bagalu wanacheza kule, muda ule ule, na anayeshinda ni yule aliyevuta watu wengi upande wake. UFC ndo mambo yake hayo, ushindi unahesabika ila watu uliowavuta wanahesabika zaidi. Kwa ngoma ni raha tupu. Kwa mtu anayevunjwa pua ili apande ngazi sio raha.

Sasa nije kwako. Watu wamesahau kwamba UFC yenyewe ilianza kama mtoano. Novemba 12, 1993, Denver kule Colorado, watu wanane usiku mmoja, Royce Gracie akawapiga watatu akabeba. Vizuri. Lakini angalia ya tatu, Septemba 1994: Gracie alishinda pambano lake la kwanza akiwa hoi, la pili akashindwa kuendelea, Ken Shamrock naye aliyefika fainali akajitoa, basi wakamchukua mtu wa akiba, askari polisi mmoja anaitwa Steve Jennum, akapanda fainali akiwa fresh kabisa akampiga Harold Howard aliyekuwa ameshapigana, akawa bingwa. Pambano moja tu! Wajapani nao kwenye mashindano yao ya Pride, Mei 2000 pale Tokyo, Kazushi Sakuraba alipigana na huyo huyo Gracie dakika 90, nasema tisini, mpaka kona ya Gracie ikarusha taulo, halafu usiku ule ule wakampandisha tena na Igor Vovchanchyn jamaa wa uzito wa juu. Alimaliza dakika 15 kona yake ikasema basi. Kwa hiyo mtoano wa usiku mmoja unampata aliyebaki amesimama, na aliyebaki amesimama sio lazima awe ndo bora.

Hiyo ligi ya mapointi anayoitaka mwenzako nayo ipo, au ilikuwepo. PFL, kampuni nyingine ya Marekani ya MMA, walianza 2018 na msimu kamili: ukishinda pointi 3, ukimmaliza mtu raundi ya kwanza unaongezewa 3, ya pili unaongezewa 2, ya tatu 1. Mapambano mawili ya msimu, wenye pointi nyingi wanaingia mtoano, fainali, bingwa wa kila uzito anaondoka na dola milioni 1. Kwenye karatasi ni tamu sana na mi nilishangilia, hasa ile ya kumlipa mtu kwa kumaliza mapema, coz ilifanya watu waache kukumbatiana kwenye nyavu.

Lakini fikiria mwanangu. Pambano la kwanza umempiga mtu KO raundi ya kwanza una 6. Mwenzako ameshinda kwa majaji mapambano yote mawili dhidi ya watu wagumu ana 6 vilevile. We ulipewa nani, yeye alipewa nani? Kwenye soka kila timu inacheza na kila timu nyumbani na ugenini ndo maana msimamo una maana. Kwenye kizimba mtu kumi na mbili hawawezi kuzungukana wote, watakufa. Mechi mbili sio msimamo, hizo ni bahati na ratiba. Halafu kuna mwili. Simba akifungwa Jumapili anacheza Jumatano, mpiganaji akipigwa KO daktari anamwambia usiguswe kichwa siku thelathini, sitini, wakati mwingine zaidi, na kalenda ya ligi haimsubiri. Matokeo yake kila msimu wanaingia watu wa akiba, mwenye pointi anatoka kwa jeraha, aliyeshindwa anarudishwa kundini, na mtazamaji anabaki anauliza huyu tena katokea wapi. Mwaka 2025 PFL wenyewe wakaacha mapointi wakaenda mtoano wa moja kwa moja, watu wanane kila uzito, mapambano yamepishana kwa miezi, na zawadi ya bingwa dola laki 5.

Kwa hiyo hukumu yangu hii hapa na ipelekeni banda umiza: ligi ya pointi hapana, mtoano ulioachanishwa miezi ndiyo, ila kwa wale ambao bado hawana jina. Kwa mabingwa mi nataka sheria moja tu iandikwe kwenye mkataba, namba moja kwenye orodha ndo anapigana na bingwa, na bingwa asipopanda ndani ya mwaka mmoja bila cheti cha daktari mkanda unamtoka wenyewe bila bosi kuombwa. Ukiweka hiyo, nusu ya ubishi wenu umekwisha na hamhitaji msimamo.

SWALI: Anko habari za kazi. Mi mwendesha boda Buzuruga, nafanya mazoezi ya mieleka na ngumi jioni. Hivi huo mtoano unatusaidia nini sisi huku maana UFC hatuitwi? (Wa Buzuruga)

JIBU: Nzuri mdogo wangu. Unasaidia sana, tena we ndo unayesaidiwa kuliko hata hao Wamarekani. UFC kuingia lazima uonekane, na kuonekana lazima uwe na mtu wa kukusemea, uwe na video, uwe unapigana sehemu ambayo wanaitazama. Kamaru Usman na Israel Adesanya wamezaliwa Nigeria lakini mmoja ametokea Marekani mwingine New Zealand. Francis Ngannou alichimba mchanga Cameroon, ikabidi kwanza afike Ufaransa kwa njia za wahamiaji, jangwani na baharini, ndo dunia imjue. Mtoano hauulizi wafuasi wako Instagram wangapi. Mmeingia watu nane, ukishinda watatu umechukua, hata kama jina lako hawawezi kulitamka.

PFL Afrika walianza 2025 na Ngannou ndo alikuwa mwenyekiti wake wakati huo, wakaanzia Cape Town Julai, Oktoba wakawa Kigali. Kigali mdogo wangu! Sa hivi daraja la Kigongo-Busisi limefunguliwa unavuka bila kusubiri feri, Geita, Biharamulo, Rusumo umeshaingia Rwanda. Sikwambii uache boda kesho. Nakwambia rekodi za mapambano yako ziwe zimeandikwa na video zipo, sio stori za kijiweni kwamba nilimpiga fulani roba akalala.

SWALI: Naitwa mama wa vijana, naishi Mkuyuni. Mwanangu ana miaka 19, kocha wao kamwambia kuna mashindano ya mtoano, atapigana mara tatu ndani ya miezi michache na anatakiwa apunguze kilo saba. Nimeanza kumwona hanywi maji, anakimbia na masweta mchana wa jua kali. Baba yake anasema niache ushamba. Ni salama kweli? (Mama wa Mkuyuni)

JIBU: Shikamoo mama. Huo sio ushamba, baba mtu aje nimwambie mwenyewe.

Kukausha maji ndo sehemu ya hatari kuliko hata ngumi zenyewe na hawaisemi. Desemba 2015 kijana wa Kichina, Yang Jian Bing, alifariki akipunguza uzito kwa ajili ya pambano la ONE Championship, kampuni ya MMA ya huko Asia, hakufika hata kwenye kizimba. Baada ya hapo ONE wakabadilisha sheria, mpiganaji anapimwa na mkojo kuona kama mwili una maji ya kutosha, ukikutwa umejikausha hupandi. Ubongo uliokauka ukipigwa ngumi unaumia zaidi kuliko ubongo wenye maji, kwa hiyo anayejikausha anajiumiza mara mbili.

Na hapa ndo mi nawagombezaga wapenzi wa mtoano, nikiwemo. Pambano moja unakausha mara moja. Mtoano wa mapambano matatu unakausha mara tatu, mwili haujarudi unaanza tena. Kwa hiyo mwambie kijana apande uzito wa juu yake, yani apigane karibu na kilo anazotembea nazo. Atakutana na watu wakubwa kidogo, sawa, lakini atakuwa ana nguvu. Kocha akikataa muulize daktari wa mashindano ni nani na anapima siku gani. Akianza kuzunguka zunguka, kijana abaki nyumbani. Na akishawahi kupigwa akapoteza fahamu hata mazoezini, sio gemu tu, hakuna kurudi mpaka daktari aseme, hata kama nusu fainali ni wiki ijayo.

SWALI: Kaka, mi napromoti ngumi ndogo ndogo hapa Nyamagana. Nataka nijaribu MMA kwa fomati ya ligi, timu nane za mitaa, Kirumba, Igogo, Mabatini na kuendelea. Inawezekana? Nianzie wapi? (Promota mchanga)

JIBU: Inawezekana kaka, na wazo la timu za mitaa limenifurahisha mpaka nimesimama. Hapo hata pointi zinaweza kufanya kazi, maana pointi zinaenda kwa timu na sio kwa mtu. Igogo wakikutana na Mabatini kila upande unaleta watu wanne wa uzito tofauti, wiki nyingine unaleta wengine wanne, aliyeumia anapumzika na mtaa unaendelea. Mwili wa mtu mmoja haubebi msimu ila mtaa unaubeba.

Kabla hujachapisha bango nenda kwa afisa michezo wa mkoa akuelekeze kwa BMT (Baraza la Michezo la Taifa), usije ukazuiwa mlangoni watu wameshalipa viingilio. Kanuni usitunge zako, chukua zile za pamoja walizoanza nazo New Jersey miaka ya 2000 na 2001, raundi tatu za dakika tano tano, hakuna kupiga kisogoni, hakuna kupiga kwa kichwa, hakuna kumpiga teke aliye chini kichwani. Kwa vijana wanaoanza fanya hata dakika tatu tatu. Daktari na ambulensi viwepo kabla ya pambano la kwanza, ambulensi ikiondoka na mtu shughuli inasimama mpaka irudi, hata kama watu wanapiga kelele warudishiwe hela.

Uzito pima asubuhi ya siku ile ile, hapo wa kujikausha watapungua maana hawana muda wa kurudisha maji. Refa asitoke mtaa wowote kati ya hiyo inayopambana, ikibidi mlete wa Shinyanga au Bukoba. Na wale wa akiba uwalipe hata kama hawakupanda, usipowalipa wiki ijayo hawaji, na siku mtu akiumia saa mbili kabla utabaki unazunguka Makoroboi unatafuta mpiganaji.