Mwache aende na wenzake

Dadangu, umeuliza kama mwanao wa miaka 13 asafiri na kwaya ya wavulana hadi Nairobi, ilhali sauti imeanza kumruka. Mwache aende, tafadhali. Nimesimamia mazoezi ya wavulana hapa Mombasa miaka mingi, na kinachowaumiza zaidi ni kuachwa.

Nyuzi za sauti zinarefuka na kunenepa, basi akipanda juu sauti inakatika. Si ugonjwa. Ile kwaya ya wavulana ya Vienna, iliyoanza mwaka 1498, inazunguka dunia kuimba na watoto wa miaka 9 hadi 14 hivi. Sauti ikishavunjika, mtoto anaaga. Kanisani kwetu hatulazimiki kumuaga. Ahamie sauti ya tatu, iliyo chini ya zile mbili za juu, aimbe polepole, na pale panapopanda sana anyamaze. Asilazimishe.

Kuna mmoja alisimama mstari wa nyuma, kanzu imemfika juu ya vifundo kwa vile alivyorefuka ghafla, ameshika daftari la nyimbo kwa mikono miwili. Ubeti mzima alikuwa kimya. Kiitikio kilipofika akaingia na besi ndogo, wenzake wakageuka kumtazama. Uso wake sijausahau.

Kwenye treni ya SGR kutoka Miritini baridi ya ndani inakausha koo, kwa hiyo mfungie sweta na chupa ya maji ya uvuguvugu, soda ya barafu hapana. Na mwalimu wa kwaya mwambie leo, asije akampa kuimba peke yake.