WRX imelala mtaroni: maswali yenu ya wiki hii

Barua za wiki hii karibu zote zinahusu magari ya mbio yaliyopinda. Mvua zimeanza, sishangai. Kwa wasomaji wapya: kabla ya kufungua karakana yangu nilikuwa mkadiriaji wa hasara za bima, kwa hiyo haya mambo nimeyaona pande zote mbili, upande wa anayelia na upande wa anayehesabu.

Fundi, shikamoo. Juzi usiku Subaru WRX yangu iliteleza kwenye barabara ya Northern Bypass hapa Kampala, mvua inanyesha, ikagonga reli ya pembeni. Sikuumia. Brekdauni ilifika kabla ya polisi, ikainua mbele ikanivuta hadi nyumbani. Sasa ukiendesha inalia chini na kona inakata kwa kurukaruka. Nilikosea wapi? – Kijana wa Bombo

Marahaba, na hongera kwa kutoka mzima. Ulikosea mara mbili, na zote mbili ndani ya ile nusu saa ya kwanza ambayo aibu humuuma mtu kuliko jeraha, akawa anataka tu watu waache kumpiga picha.

Kwanza, uliondoa gari kabla trafiki hawajapima na kuchora mchoro wa ajali. Mchoro ule ndio ushahidi wako. Bila ripoti ya polisi na bila mkaguzi wa magari wa polisi kulitazama gari, mtu wa bima ana haki ya kukuuliza utathibitishaje kwamba hukuligonga lango la nyumbani kwako. Nenda kituo kinachosimamia eneo lile leo, si Jumatatu, ueleze kilichotokea na kwa nini uliondoka. Reli nayo ni mali ya serikali, bili yake inaweza kukufuata. Wenzako wanaosoma hapa: zima swichi, weka pembetatu mbali nyuma ya gari, toka barabarani usimame nje ya reli, kisha piga picha za matairi, alama za breki kwenye lami na namba za magari yaliyosimama. Chukua namba ya simu ya mwenye boda aliyeona. Huyo ndiye shahidi wa kweli wa Kampala, alikuwepo kabla ya wote. Na usitamke “nitalipa” kwa mtu yeyote usiku ule. Kama umati umechemka na unaona fimbo, usibaki kujieleza. Nenda moja kwa moja kituo cha polisi ukajisalimishe huko.

Pili, huko kuvutwa. WRX inasukumwa na magurudumu yote manne. Ukiinua ya mbele ukayaacha ya nyuma yaviringike, katikati kuna difu, ile gia inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, inayojaribu kusuluhisha ndugu wawili wasiosemezana: mmoja amesimama, mwingine anakimbia. Kilomita kadhaa tu, moto unapanda na ile koplingi ya ndani inaungua. Ndiyo hiyo inayorukaruka kwenye kona. Gari la aina hii hupandishwa lote juu ya lori la kitanda, basi. Kama dereva wa brekdauni hana kitanda, mpe pole na umwache aende.

Kabla hujalia, fanya hivi. Kama gia zako ni za mkono, mwaga mafuta ya giaboksi kwenye beseni jeupe lililo safi, mchana, si kwa tochi ya simu. Yasogeze kwa kidole. Uji mweusi kidogo kwenye sumaku ya nati ya chini ni kawaida. Vipande vinavyong'aa kama magamba ya mukene, wale dagaa wetu, si kawaida. Yanuse pia: mafuta yaliyoungua hayafichiki.

Halafu tazama ubavu wa tairi zako, utafute herufi DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka: 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014. Nina wasiwasi utakuta jambo. Vijana wananunua turbo ya mamilioni halafu wanaivalisha tairi za mtumba zilizokauka kama soli. Ukibadilisha, badilisha zote nne za saizi na aina moja. Moja mpya kati ya tatu zilizolika, ile difu ya katikati haipumziki tena.

Mzee, mwanangu aligonga Prado ya mtu huku Ntinda kwa gari lake la michezo. Stika ya bima iko kwenye kioo, haijaisha. Bima wanasema hawalipi Prado wala gari letu. Huu si wizi? – Mama wa wanne

Mama, si wizi, ingawa naelewa kwa nini unanusa wizi.

Ile stika ni bima ya lazima ya mtu wa tatu, iliyowekwa na sheria ya mwaka 1989. Inamlinda binadamu mwingine aliyeumia au kufa kwa sababu ya gari lenu. Bati hailijui. Prado si binadamu, ingawa wenye Prado wengine hujisahau. Na hata kwa binadamu, kiwango chake cha fidia ni kidogo mno ukilinganisha na siku moja tu ya chumba cha upasuaji. Kwa hiyo Prado italipwa na mwanao, au na bima kubwa ya Prado yenyewe, ile inayolipia hadi gari la mteja, ambayo baadaye inaweza kumgeukia mwanao kudai fedha zake. Zungumzeni na mwenye Prado mapema, mkubaliane kwa maandishi mbele ya polisi, mpate makadirio ya karakana mbili.

Kwa kuwa mmefungua mlango huu, niingie. Hata wenye bima kubwa hulia, na mara nyingi ni kwa sababu hii: gari lina thamani ya milioni 60, mwenyewe akaliandika milioni 40 ili ada ipungue. Likipata hasara ya milioni 15, bima huhesabu kwamba amekata bima theluthi mbili tu ya gari, basi humlipa theluthi mbili ya hasara: milioni 10, halafu huondoa ile sehemu ya kwanza ambayo mteja hujibebea. Tano na zaidi zimeyeyuka hapo. Wengine wamefunga turbo kubwa na kubadilisha kompyuta bila kusema. Wengine walikuwa wanashindana, na mashindano huwa yametengwa katika mkataba. Na kama kawunyemu, kile kipima pombe cha trafiki, ilikukuta umezidi kiwango, fomu ya madai iache mezani.

Mimi mwenyewe nilishapigwa, tena nikiwa ndani ya kazi hiyohiyo ya bima. Nilikuwa na Celica. Lwera, barabara ya Masaka, imenyooka hadi inakutia usingizi, lori la mchanga likaingia mbele, nikakanyaga breki kwenye maji. Gari lilizunguka mara moja na nusu likaingia kinyumenyume ndani ya mafunjo. Niliketi nikasikiliza vyura. Wavuvi wakaja na kamba, wakanitoa vizuri sana, redio ikatoka na mwingine. Siku ya tatu, shingo haigeuki, nimemeza vidonge, mtu wa bima yangu (kampuni siitaji) akaniletea karatasi na hundi. Nikatia sahihi. Iliandikwa kwamba nimepokea malipo kamili na ya mwisho. Wiki mbili baadaye nikagundua mhimili wa nyuma umepinda, na mlango wa kudai umeshafungwa. Mtu aliyesoma karatasi za namna hiyo kwa mshahara! Usitie sahihi ya “malipo ya mwisho” hadi gari limepandishwa juu na kupimwa chini. Ukiona umedhulumiwa kweli, Mamlaka ya Udhibiti wa Bima hapa Kampala hupokea malalamiko ya wateja, peleka na nakala za kila kitu.

Eabegi mbili zimepasuka. Fundi anasema ataweka rezista taa ya dashibodi izime, tuokoe pesa. Nikubali? – Mbarara

Hapana. Rezista ni kipande cha shilingi chache kinachoidanganya kompyuta kwamba eabegi ipo. Kompyuta itaamini. Kifua chako hakitaamini. Na mikanda ya mbele, kama kifaa chake cha kuukaza mkanda kililipuka pamoja na eabegi, hiyo nayo imekwisha kazi, hubadilishwa. Kama pesa haitoshi sasa, liegeshe.

Kaka, nataka kununua Toyota GT86 nyekundu kwa mtu wa Busia. Bei ni nzuri kupita kiasi. Anaapa haijawahi kugongwa. Nitajuaje bila kuwa fundi? – Tororo

Bei ikiwa nzuri kupita kiasi, muuzaji tayari amekuambia ukweli, amekosa tu kutumia maneno.

Nenda asubuhi, gari likiwa baridi na kavu. Usiende jioni wala baada ya mvua, maana maji juu ya rangi hulipendezesha gari lolote. Chuchumaa kwenye kona ya mbele, tazama mstari wa mlango hadi taa ya nyuma kama unavyotazama ubao kama umenyooka. Mawimbi ni puti, ile lipu ya kuziba mabonde ya bati. Chukua sumaku ndogo uifunge kitambaa, ipitishe taratibu juu ya fenda na milango. Inaposhika kwa nguvu hapa, halafu inateleza pale, chini yake kuna puti nene. Tahadhari tu: boneti ya GT86 ni alumini, sumaku haishiki kabisa hata ikiwa mpya, usije ukamtukana mtu bure.

Fungua boneti. Tazama bolti zinazoshika fenda. Bolti ya kiwandani ina rangi juu ya kichwa, imekaa kimya. Iliyofunguliwa ina makovu ya spana pembeni, au pete ya chuma tupu pale ilipohama milimita mbili. Mwezi uliopita niliona gari linang'aa kama kioo cha saluni, lakini bolti moja ya kushoto ilikuwa ya Toyota ya kubebea mizigo. Mwenyewe alikuwa hajui. Nilimwonyesha akanyamaza, akalipa kikombe cha chai akaondoka nalo.

Inua zulia la buti utazame sakafu ya tairi la akiba: pale hakuna anayepaka rangi kwa uangalifu. Vuta mkanda wa dereva hadi mwisho, usome lebo iliyoshonwa chini. Mwaka wake ulingane na wa gari. Kisha lipeleke kwenye alaimenti, wanakopima mnyooko wa magurudumu. Kama fundi anashindwa kuleta gurudumu moja ndani ya vipimo na mengine yametii, chasi ina siri.

Muulize pia karatasi ya mnada wa Japani. Daraja la R au RA maana yake gari liliwahi kugongwa na kutengenezwa kabla halijapanda meli. R si hukumu ya kifo. Nimeziona R zilizotengenezwa vizuri kuliko kazi nyingi za hapa. Ila lipa bei ya R. Na angalia umri: tangu sheria ya 2018, gari lenye miaka 15 au zaidi haliruhusiwi kuingizwa nchini, kwa hiyo lililo kuukuu kuliko hapo lazima karatasi zake zionyeshe liliingia lini.

Niliazima gari la rafiki yangu, nikaligonga ng'ambo ya Malaba upande wa Kenya. Nikamparaza na mtu wa boda mguu. Nani analipa? – Msafiri

Umeanza na gari, boda ukamweka mwisho. Tuanze naye. Kama rafiki yako alikata Kadi ya Njano ya COMESA kabla ya kuvuka, hiyo ndiyo inayobeba madai ya mtu wa tatu nchini Kenya. Ile stika ya kawaida ya Uganda peke yake haivuki nawe. Chukua ripoti ya polisi wa Kenya kabla hujarudi, maana kuifuata baadaye ni nauli na siku nzima benchini. Kama Kadi haikuwepo, gharama za mguu ule ni zako.

Gari la rafiki litengeneze bila kusubiri aulize. Mpe orodha ya karakana achague yeye, usimpeleke kwa binamu yako.

Shikamoo mzee. Kijana wangu alipindua gari wiki mbili zilizopita, akatoka anacheka, hospitali akakataa. Sasa kichwa kinamuuma kila asubuhi, anarudia maneno, jana alitapika. Yeye anasema ni uchovu wa kuzunguka kutafuta spea soko la Kisekka. Gari lilikaa juu chini masaa mengi, anauliza kama anaweza kuliwasha. – Mama, Arua

Marahaba mama. La gari kwanza kwa sababu ni fupi: asiliwashe. Likilala juu chini, mafuta ya injini hupenya hadi ndani ya silinda, na mafuta hayabanwi. Ukipiga stata, kinachopinda ni mkono wa pistoni. Plagi zitolewe, injini izungushwe kwa mkono, mafuta yamwagwe, yawekwe mapya.

Sasa kijana. Damu inaweza kuvuja taratibu ndani ya fuvu na kuonyesha dalili baada ya siku nyingi, hata wiki. Kichwa cha asubuhi, kurudia maneno na kutapika havitokani na kutafuta spea. Mpeleke hospitali ya rufaa leo hii, useme mlangoni neno “ajali” kabla ya neno “kichwa”, wampige picha ya CT. Asiendeshe yeye. Asiende peke yake kwa boda. Akibisha, mwambie spea nitamtafutia mimi.